Kuchagua mafuta ya breki: kwa mafundi wanaoanza kazi Arusha

Ninyi mnaoanza ufundi hapa Arusha mtaletewa gari la watalii ambalo dereva wake anaeleza kwamba, akishuka kutoka Karatu kwenda Mto wa Mbu akiwa na abiria na mizigo, pedali ya breki huzama hadi chini, kisha gari likipoa breki hurudi zenyewe. Msikimbilie kufungua masta silinda, yaani pampu kuu inayosukumwa na pedali. Tatizo likitokea kwenye mteremko mrefu tu, mara nyingi mafuta ya breki yamechemka ndani ya kalipa, yaani kifaa cha gurudumuni kinachobana pedi kwenye diski, na kwa kuwa mvuke hubonyea, nguvu ya mguu huishia kwenye mapovu kabla ya kufika kwenye pedi.

Dukani wengi huvutwa na namba kubwa iliyo kwenye chupa, yaani joto la kuchemka kwa mafuta mapya. Nawasihi mtazame namba ya pili, ya mafuta yaliyokwisha kufyonza maji, kwa sababu mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa polepole hata yakiwa ndani ya mfumo uliofungwa vizuri. Mafuta ya breki hupangwa kwa madaraja yanayoitwa DOT. Kwa viwango vya chini vinavyotakiwa, DOT 3 huchemka kwa nyuzi 205 za Selsiasi yakiwa mapya na 140 yakishaingia maji, DOT 4 ni 230 na 155, DOT 5.1 ni 260 na 180. Maana yake ni kwamba DOT 5.1 yaliyochakaa yanaweza kuchemka mapema kuliko DOT 3 yaliyofunguliwa leo. Mafuta ya magari ya mashindano huvuka nyuzi 300, lakini yametengenezwa kwa watu wanaoyabadilisha mara kwa mara, kwa hiyo simshauri mwenye gari la safari kuyanunua.

DOT 5 ni jambo jingine kabisa: hayo ni ya silikoni, hayachanganywi na hayo mengine, na hayafai kwenye gari lenye ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu kujifunga wakati wa kufunga breki.

Kwa magari ya milimani mimi huchagua DOT 4 bora au DOT 5.1, iwapo kitabu cha gari kinaruhusu, na huyabadilisha yote kila mwaka kabla ya msimu wa watalii wa Juni. Wakati wa kutoa upepo, valisheni nati ya kutolea upepo kwenye kalipa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mkanyagishe mtu pedali na kuongeza mafuta hadi yale ya kahawia yaishe na yatoke meupe yasiyo na povu. Rangi peke yake haipimi maji, kwa hiyo tumieni kipimo cha maji kwenye mafuta ya breki. Yakidondokea bodi, mwagieni maji mara moja kwa sababu yanakula rangi, na chupa iliyobaki wazi tangu kazi ya mwezi uliopita msiitie kwenye gari la mtu.