Kabla plasta haijapigwa: kwa unayeanza ufundi umeme

Wewe unayeanza kazi hii, zoea mapema kwamba karibu kila utakachokifanya kitafukiwa. Kazi ya fundi rangi inaonekana, yako inabaki ndani ya ukuta. Atakayekuja miaka kumi baadaye ana drili mkononi na hajui ulipitisha wapi waya. Kanuni nyingi za kutandaza umeme nyumbani ziliwekwa kwa ajili ya mtu huyo.

Mimi nililielewa hilo kwa kuchelewa. Nikiwa mwanagenzi nilitoa waya kwenye swichi hadi soketi iliyo upande wa pili wa ukuta uleule, nikaupitisha mshazari. Niliokoa kama mita moja ya waya na nusu saa ya tindo na nyundo. Baadaye mwenye nyumba akataka kutundika rafu. Alitazama vizuri: swichi iko juu kushoto, soketi iko chini kulia, katikati hakuna kitu. Drili ikaukuta waya wangu hapohapo katikati. Breka ikakata, naye hakudhurika. Nilipoitwa kutindua ukuta nilikuta shaba imeyeyuka na kuganda kama tone kwenye ncha ya waya. Tone hilo nililishika kwenye kiganja nikawaza mkono uliokuwa umeshika drili.

Kwa hiyo waya utoke kwenye soketi au swichi ukiwa wima au mlalo, ulionyooka kwa timazi na pima maji. Kanuni za Uingereza, BS 7671, zinataja hata vipimo: waya uliofukiwa kwa kina kisichofika milimita 50 upite wima au mlalo moja kwa moja kutoka kwenye soketi au swichi inayoonekana, au ndani ya ukanda wa milimita 150 kutoka dari au kutoka kona ya kuta mbili, la sivyo uwe na kinga ya chuma iliyofungwa ethi, yaani waya wa kwenda ardhini. Mtu akiiona soketi, anajua juu yake, chini yake na ubavuni mwake si pa kutoboa. Hiyo ndiyo ramani pekee utakayomwachia.

Upangaji wa soketi nao una sababu yake. Kanuni za Marekani, NEC, zinataka katika vyumba vya kuishi pasiwe na sehemu ya ukuta iliyo zaidi ya futi 6, yaani mita 1.8 hivi, kutoka kwenye soketi. Ukipima utaona maana yake: taa yenye waya wa futi 6 itafika popote utakapoiweka, bila ekstensheni. Kwenye kaunta ya jikoni umbali huo unashuka hadi futi 2, maana nyaya za vyombo vya jikoni ni fupi na zikining'inia mtoto huzivuta. Fuata kanuni za nchi yako, lakini kipimo hiki kibebe kichwani. Ukibania soketi, watu wataunganisha ekstensheni juu ya ekstensheni na kuzipitisha chini ya zulia, zikanyagwe na zipate joto pasipoonekana. Uliza kitanda kitakaa wapi kabla hujachora alama ukutani. Soketi iliyo nyuma ya ubao wa kitanda ni sawa na isiyokuwepo.

Bafuni usikubali kubembelezwa. Kanuni za kimataifa za IEC zinaligawa bafu kwa maeneo: ndani ya beseni la kuogea, juu yake hadi mita 2.25 kutoka sakafuni, na sentimita 60 zinazofuata pembeni. Soketi ya kawaida haina nafasi katika maeneo hayo yote. Ngozi iliyolowa huupitisha umeme kwa urahisi mno.

Hapa wanafunzi wengi huchanganya, hivyo nitakaa kidogo. Breka inalinda waya, haikulindi wewe. Breka ya ampea 16 haioni chochote miliampea 100 zikipita kifuani mwa mtu, na kiasi hicho kinatosha kuusimamisha moyo. Anayelinda mtu ni RCD ya miliampea 30, kifaa kinachokata umeme unapovuja. Hulinganisha umeme unaokwenda kwa laivu na unaorudi kwa nyutro. Sehemu ikipotelea njiani, labda kupitia mwili wa mtu kuelekea ardhini, inakata mara moja. Ina kitufe cha majaribio, nacho mwonyeshe mwenye nyumba, abonyeze mwenyewe mbele yako.

Na breka ikikata mara kwa mara, usiweke kubwa zaidi. Tafuta kosa.

Skrubu za soketi kaza kwa mkono uliotulia, kisha vuta kila waya mmoja mmoja. Ukichomoka sasa, shukuru. Waya uliolegea hauruki shoti siku ya kwanza. Hupata joto taratibu, plastiki ikageuka kahawia, ikaanza kunuka, na breka haijui lolote kwa sababu umeme unaopita ni wa kawaida tu.

Siku moja kabla ya plasta, funua futi kamba, isimamishe ukutani kando ya waya, piga picha. Fanya hivyo kila ukuta, kila chumba, vipimo vikisomeka. Kisha picha hizo mkabidhi mwenye nyumba pamoja na funguo za bodi.