Mlezi Akibadilika, Ruzuku ya Mwenye Ulemavu Inamfuata Nani?

SWALI: Shikamooni. Bibi yetu hapa Makete amefariki. Ndiye aliyekuwa akipokea fedha za TASAF za kaya, na kaya hiyo ina mdogo wangu asiyeweza kutembea wala kusema. Sasa shangazi amehamia pale nyumbani amtunze. Fedha zilikuwa zikiingia kwenye simu ya bibi, na laini bado tunayo. Tuendelee kuzitoa?
Mjukuu, Makete

JIBU: Marahaba, na poleni sana kwa msiba. Hapana, msizitoe. Ruzuku ya Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaoendeshwa na TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), ni ya kaya, si ya bibi, hivyo kifo chake peke yake hakiiondoi kaya kwenye mpango. Kinachotakiwa kubadilika ni jina la mpokeaji. Mkiendelea kutumia namba ya siri ya marehemu, siku taarifa zikihakikiwa itaonekana fedha zimetolewa na mtu aliyekwisha kuzikwa, na kaya nzima itaingia mashakani wakati mdogo wako hana kosa lolote.

Anzeni kwa mtendaji wa kijiji, pamoja na kamati ya jamii inayosimamia mpango hapo kijijini. Shangazi aende mwenyewe, afuatane na mtu mzima mwingine wa kaya na mwenyekiti wa kitongoji wa kumthibitisha. Abebe kitambulisho cha kaya cha TASAF, kitambulisho chake cha taifa (NIDA) au namba yake, na cheti cha kifo. Kama cheti hakijatoka, ombeni barua ya mtendaji kwa sasa, huku mkikifuatilia RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya. Ulizeni pia kama bibi aliandikisha mpokeaji wa pili. Kama yupo na bado anaishi hapo, kazi inakuwa nyepesi. Taarifa hupelekwa kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri ili ziingizwe kwenye mfumo. Msiishie kijijini: baada ya wiki mbili hivi ulizeni kama zimefika, maana fomu nyingi hukwama hapo katikati. Malipo huandaliwa kila miezi miwili kwa orodha; orodha ikishafungwa, mabadiliko yenu yanasubiri awamu inayofuata.

Sasa simu, ambako ndiko watu wengi hukwama. Laini ya shangazi iwe imesajiliwa kwa alama za vidole vyake mwenyewe. Vijijini kwetu wazee wengi hutumia laini iliyosajiliwa na mtoto au jirani. Jina linalotokea kwenye malipo halilingani na la mpokeaji, na fedha zinagoma. Jina lifanane na la NIDA herufi kwa herufi.

Jambo moja mlitaje bila kuulizwa: shangazi ni mtu mzima mwenye nguvu, na ameongezeka kwenye kaya. Anaweza kupangwa kwenye ajira za muda za mpango, kuchimba barabara au kupanda miti. Elezeni mbele ya kamati kwamba mdogo wako hawezi kuachwa peke yake, na waombeni waliandike. Akipangwa kazini halafu asionekane, atahesabiwa mtoro.

SWALI: Nimemchukua mtoto wa marehemu dada, mwenye ulemavu wa akili, kutoka Kilolo nimlee hapa Uyole. Je, ruzuku ya TASAF itahamia kwangu?
Mjomba, Mbeya

JIBU: Haihami yenyewe, kaka. Kaya ya Kilolo ndiyo iliyoandikishwa. Mtoto akiondoka, taarifa zake zinatolewa kule, na nyumba yako haiingii kwenye mpango kwa kumpokea tu. Kaya mpya huingia pale tu utambuzi wa kaya maskini unapofunguliwa na majina kupitishwa kwenye mkutano wa hadhara. Hata hivyo toa taarifa pande zote mbili. Mtoto akiendelea kuhesabiwa Kilolo wakati hasomi kule, mahudhurio yake ya shule yatashuka chini ya asilimia 80 inayotakiwa, na waliobaki nyumbani watakatwa ruzuku. Kisha nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, akuelekeze namna ya kutambuliwa kama mlezi chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Utambulisho huo utakusaidia pia kumwombea nafasi kwenye shule yenye kitengo cha elimu maalumu.

SWALI: Kaka yangu aliumia uti wa mgongo kiwandani Mafinga, analipwa pensheni na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mkewe ameondoka, mimi ndiye ninayemhudumia. Malipo yatasimama?
Mdogo mtu, Mufindi

JIBU: Hayasimami. Pensheni ni haki ya aliyeumia, na hata msaada wa gharama za mtu wa kumhudumia hutolewa kwa ajili yake, si kwa jina la mke. Mwandikieni Mfuko kwamba anayemhudumia amebadilika na mtoe namba mpya ya simu, asije akakosa uhakiki wa wanufaika kwa sababu ujumbe ulitumwa kwa shemeji yako. Lililo la haraka ni benki: kama kadi ilikuwa mikononi mwa mkewe, kaka aifunge leo, apewe kadi na namba ya siri mpya. Kama vidole havishiki kalamu, aombe kuweka dole gumba badala ya saini. Akaunti ibaki kwa jina lake. Usikubali malipo yahamishiwe kwako hata yeye akitaka kwa nia njema, kwa sababu ndugu wakigombana kesho hutakuwa na pa kushika.