Ada Palmer: uanzie wapi?

Ndugu, umeuliza kama ni lazima ujue historia ndipo umsome Ada Palmer, mwandishi wa riwaya za kisayansi. Si lazima. Anza na Too Like the Lightning (2016), kisha uunganishe na Seven Surrenders (2017) papo hapo. Ni hadithi moja iliyokatwa katikati. Ukiishia cha kwanza utabaki njia panda. Wengi hukwama mapema kwa sababu msimulizi, Mycroft, anaishi karne ya 25 lakini anaandika kwa mtindo wa karne ya 18, akikatiza kisa kila mara ili ajibizane na msomaji. Usiruke mabishano hayo, maana ndimo anamojifichua. Palmer ni mwanahistoria wa Renaisansi (mwamko wa sanaa na elimu Ulaya) katika Chuo Kikuu cha Chicago, ila hapa anachota zaidi kwa Voltaire na Diderot, waandishi Wafaransa wa karne ya 18. Ukitaka maandalizi, Candide (1759) cha Voltaire chatosha, ni kifupi.