Weka hiyo silikoni chini, osha injini kwanza

Acha kwanza. Hiyo kazi ya Jumamosi iahirishe.

Umeandika humu kwamba Toyota Fielder yako inadondosha oili pale injini inapokutana na giaboksi, kila asubuhi unakuta doa jeusi kwenye saruji hapo Lanet, na umeshanunua tyubu mbili za silikoni ili Jumamosi uteremshe sampu (bakuli la oili chini ya injini) mwenyewe uipake upya. Ukauliza pia kama gari litahimili safari ya Bungoma mwezi ujao. Nilipofika kwenye hizo tyubu mbili moyo ulinilipuka. Mimi nilinunua tatu, na zikaniulia injini.

Toyota Probox yangu ilikuwa na injini ya 1NZ ya 1500cc, na dalili zilikuwa hizohizo zako hadi mahali pa kudondokea. Nikaingia duka moja la spea hapa Kisumu kununua filta, nikamweleza muuzaji. Hakuniuliza swali hata moja. Hakutoka nje kuliangalia gari, nalo lilikuwa limeegeshwa mlangoni pake. Akasema, "Hiyo ni sampu, hizi Toyota ugonjwa wao ni huo. Teremsha, paka silikoni, usiibanie. Ukiona imemwagika pembeni ujue imeshika." Nikawaza, mtu anayeshinda na spea kutwa atakosaje kujua? Nikalipa.

Nyumbani Manyatta nikafanya kazi siku nzima. Nikamwaga oili, nikafungua bolti zote, nikaing'oa sampu kwa bisibisi na nyundo hadi kingo zikapinda, nikaifuta kwa kitambaa, halafu nikaipaka silikoni nene mzunguko mzima. Nilipokaza bolti ikatoka pembeni pande zote. Niliona nimefanya kazi safi. Jioni hiyohiyo nikatia oili.

Baada ya siku 4 doa likarudi palepale. Nikarudi dukani. Jibu lake: "Uliweka kidogo." Basi nikateremsha sampu mara ya pili na kuongeza, tyubu moja na nusu nzima.

Hapa naomba usome polepole. Silikoni unayoiona imetoka nje ya kiungio, nyingine kama hiyo imetoka ndani. Ya nje haikudhuru. Ya ndani inaning'inia kama mnyoo, inamwagikiwa na oili ya moto, inatikiswa na injini kila dakika, na siku moja inakatika. Ndani ya sampu kuna strena, lile chujio la waya ambalo pampu huvutia oili kupitia kwake. Kila kipande kinachokatika huvutwa kuelekea hapo na kunasa. Ukitoa kijiti cha kupimia unakuta oili imejaa, lakini pampu inanyonya kwa shida, na kule juu kwenye beringi, zile pete zinazobeba vyuma vinavyozunguka, haifiki ya kutosha. Injini inakufa kiu huku imesimama ndani ya kisima.

Yangu ilichukua wiki 3. Nilikuwa nimepakia samaki Dunga alfajiri, mbuta kwenye barafu, napeleka kwa wateja wawili Chavakali. Pale Mamboleo, gari likiwa limesimama kwenye foleni, taa nyekundu ya oili ikapepesa. Nikaegesha kando, nikatoa kijiti: oili imejaa. Nikampigia yule muuzaji. Nilimpigia yeye, kwa sababu ndiye aliyekuwa ameshika ugonjwa wa gari langu tangu mwanzo. Akaniuliza, "Oili si iko? Basi hiyo ni swichi ya taa ya oili, endesha tu, ukirudi nikuuzie nyingine."

Nikaendesha. Unakijua kile kilima cha Riat. Gari lenye mzigo hapo linafanya kazi kwelikweli. Nusu ya kupanda nikasikia tik, tik, tik. Nikafungua redio nisisikie. Kabla ya Kiboswa sauti ilikuwa imegeuka nyundo, injini imenoki, na taa haipepesi tena, imewaka moja kwa moja. Ikazimika na haikuwaka tena. Nilikaa kando ya barabara saa 3 nikingoja gari la kunivuta, barafu inayeyuka, nawapigia wateja mmoja mmoja kuwaambia samaki hawafiki. Wale wateja sijawapata tena hadi leo.

Fundi wa Kibuye aliyeifungua hakusema kitu. Aliigeuza sampu, akaniita, akanionyesha strena kwa kidole. Ilikuwa imezibwa na nyuzi za silikoni, zingine ndefu kama kidole changu. Beringi za konrodi, ile mikono ya pistoni, zilikuwa zimelika hadi rangi ya shaba inaonekana, na kranki, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, ina michirizi ambayo ukiipitishia ukucha inakwaruza. Injini ya mitumba, kazi ya kuibadilisha, oili na kuvutwa: shilingi 92,000. Hizo zilikuwa karo za muhula.

Na bado sijakwambia linaloniuma zaidi. Kabla ya kuitoa ile injini iliyokufa, fundi aliipitishia kidole kwa nyuma, juu kabisa, chini ya ukingo wa tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini. Kidole kikatoka kimelowa. Akashusha tochi, akanionyesha mchirizi wa oili ukitoka pale, unateremka nyuma ya injini mahali jicho halifiki ukisimama mbele ya boneti, unafuata ukingo mpaka kwenye giaboksi, ndipo unadondoka. Sampu haikuwa imevuja hata siku moja. Ilikuwa ni gasketi ya tapeti kava, mpira uliokauka kwa joto la miaka ukawa mgumu kama plastiki. Gasketi hiyo nimeinunua tangu hapo, 1,600. Bolti zake unazifikia ukiwa umesimama wima, huhitaji hata jeki.

Ndiyo maana nakushika mkono. Kuvuja kwa oili ni kama bati bovu: maji yanadondoka kitandani, tundu liko upande ule mwingine wa nyumba. Oili huteremka, na ukiwa barabarani upepo huisukuma nyuma. Pale inapodondokea ni mwisho wa safari yake. Kwa hiyo sheria yangu ni moja tu na sibishani na mtu juu yake: usiguse bolti hata moja kabla hujaosha injini na kuona mahali pa juu kabisa panapolowa.

Namna ya kuosha. Injini iwe baridi kabisa. Alternata na soketi za waya zifunge kwa nailoni za mkate. Pakaa mafuta ya taa kwa brashi kila penye mafuta na vumbi lililoganda, subiri kidogo, suuza kwa maji ya sabuni yanayotiririka taratibu. Usipeleke kwenye mashine ya presha, itasukuma maji kwenye soketi upate ugonjwa mwingine. Acha ikauke vizuri na harufu ya mafuta ya taa iishe kabla ya kuwasha. Kisha rushia poda ya mtoto kwenye viungio vyote, juu hadi chini. Endesha kilomita 10 hivi, rudi, zima, chukua tochi na kioo kidogo. Poda iliyolowa itakuwa imegeuka rangi. Anza na tone la chini, panda nalo, panda, mpaka ufike palipokauka. Chini tu ya hapo ndipo penye tatizo. Isipoonekana siku ya kwanza, rudia kesho yake na uache katoni chini ya gari usiku kucha. Mimi sasa ningekaa hata wiki nzima nikitazama kabla ya kushika spana.

Ukitazama, shuka kwa mpangilio: tapeti kava, kiungio cha taimingi kava (kifuniko cha cheni ubavuni mwa injini), swichi ya oili, kiti cha filta, halafu ndipo sampu na sili za kranki, zile pete za mpira zinazozuia oili isitoke. Na tone lenyewe lishike kwa karatasi nyeupe. Likiwa jekundu na linateleza kama mafuta, huenda ni oili ya giaboksi, wala si ya injini. Kama pia unasikia harufu ya oili inayoungua ukisimama kwenye foleni, tapeti kava ishuku zaidi, kwa sababu oili yake ikiteremka huweza kuangukia egzosi.

Kitu kingine fundi yule alichonifunza: vali ya PCV, ile ndogo inayopumulisha injini. Yangu aliitoa akaitikisa sikioni mwangu, kimya. Nzima hutoa sauti ya kitu kinachocheza ndani. Ikiziba, hewa inayojaa ndani ya injini inatafuta pa kutokea na inasukuma oili kupitia gasketi na sili. Unaweza kubadilisha gasketi mpya leo na baada ya miezi michache inavuja tena kwa sababu ya kavali hako. Kabadilishe pamoja.

Sasa, ukishaosha na ukaona kwa macho yako kwamba ni sampu, sawa, teremsha. Lakini gari likae juu ya stendi, magurudumu ya nyuma yamezuiwa kwa mawe. Jeki peke yake ikiteleza gari linakulalia, na hapo hakuna spea. Silikoni kuukuu ikwanguliwe yote pande zote mbili, chuma kifutwe kwa petroli au tina ya rangi hadi kitambaa kitoke cheupe, kwa sababu silikoni haishiki juu ya oili. Paka mstari mmoja mwembamba, milimita 3 hadi 4, upite upande wa ndani wa matundu ya bolti, usikatike. Funga mara moja kabla haijaota ngozi, kaza bolti kwa zamu, kidogo kidogo. Tyubu moja inabaki zaidi ya nusu. Kisha subiri muda ulioandikwa kwenye tyubu kabla ya kutia oili. Mimi ningeiacha usiku mzima. Na sampu ikiwa chini, itazame strena kabla ya kurudisha chochote.

Wanaokuambia humu "weka silikoni ya kutosha" wakuonyeshe strena zao. Yule muuzaji hadi leo yuko kaunta, anaeleza watu magonjwa ya magari ambayo hajayainamia. Nilimrudia na ile strena mkononi. Akaniambia pengine silikoni ilikuwa feki. Aliniuzia yeye mwenyewe! Mtu akikutajia ugonjwa wa gari bila kufungua boneti, nunua filta yako uende zako, usimwulize kitu.

Na taa nyekundu ya oili ikiwaka, popote ulipo, hata ukiwa katikati ya mteremko wa Salgaa, toka kando ya barabara uzime injini mara hiyo. Kijiti kinakuonyesha oili iliyoko kwenye sampu tu. Presha hakikuonyeshi. Kama ni swichi, fundi ataijua kwa kufunga geji ya presha pale swichi inapokaa. Gharama ya kuvutwa niliiogopa pale Mamboleo, nikailipa hata hivyo kule Kiboswa, na injini juu yake.

Kesho asubuhi, kabla injini haijawashwa, inua boneti, pitisha kidole nyuma ya tapeti kava kutoka pembe hadi pembe, halafu uje uniambie kimetoka vipi. Hizo tyubu usizifungue, duka lisije likakataa kuzirudisha.