"Filamu ya kutisha" isiyotisha: je, ni kosa?

Swali: Ninaishi Chicago, na Jumamosi usiku mimi na wanangu hutazama Svengoolie, kipindi cha televisheni kinachoonyesha filamu za kutisha za zamani. Juzi niliwaandikia ndugu zangu wa Tanga kwamba "mwenyeji wa kipindi alituletea filamu ya kutisha isiyotisha", nikimaanisha filamu ya zamani yenye visa kadhaa. Dada yangu amenijibu kuwa nimekosea mara mbili: mtu huyo si mwenyeji, na filamu ya kutisha haiwezi kuwa haitishi. Nani amepatia?

Jibu: Kila mmoja amepatia mara moja, na uliposhinda wewe ndipo penye uhondo.

Katika "filamu ya kutisha", kitenzi-jina kinachofuata "ya" kinataja aina ya kitu na kusudi lake, kama ilivyo katika "maji ya kunywa" na "chumba cha kulala". Chumba cha kulala hakipotezi jina lake kwa sababu wageni wamekesha humo wakizungumza. "Filamu inayotisha" ni habari nyingine, kwa kuwa urejeshi (hiyo "-yo-" ya "inayotisha") unadai kwamba kitisho kinatokea kweli. Nadhani dada yako alikuwa akisikia "ajali ya kutisha", ambapo muundo huohuo hueleza jambo lililowatia watu hofu. Lakini ajali haitengenezwi kwa kusudi la kutisha, ilhali filamu hutengenezwa.

Chukua filamu ya Uingereza ya mwaka 1965, Dr. Terror's House of Horrors, iliyoongozwa na Freddie Francis, ambamo mkono uliokatwa unatambaa ukimwandama Christopher Lee. Ukisema "mkono ulitutisha", na ilhali sebule nzima ilikuwa ikicheka, umesema uongo; ukisema "mkono wa kutisha ulituchekesha", umesema kweli, na umeeleza kwa maneno manne raha yote ya filamu za namna hiyo.

Kuhusu "mwenyeji", dada yako ana haki. Mwenyeji ni mtu wa mahali anayefikiwa na mgeni, ndiyo maana tunasema "mgeni njoo, mwenyeji apone", na ndiyo maana "timu mwenyeji" ni sahihi kabisa, maana kuna timu iliyosafiri kuifuata. Rich Koz, anayemwigiza Svengoolie na aliyeingia katika uhusika huo mwaka 1979 akiigiza mwana wa Svengoolie wa kwanza, hafikiwi na mtu: hutoka ndani ya jeneza akiwa na kofia ndefu na uso uliopakwa rangi, huitambulisha filamu, huikatiza kwa mizaha, kisha hurushiwa kuku wa mpira. Huyo ni mtangazaji, au mwendeshaji wa kipindi.

Wala usimwite mtambaji, kwa sababu mtambaji ndiye anayeita "Paukwa!" akajibiwa "Pakawa!", kisha akaibeba hadithi mwenyewe hadi mwisho. Katika filamu niliyoitaja, anayemkaribia mtambaji ni Dakta Schreck, aliyeigizwa na Peter Cushing, ambaye ndani ya behewa la treni anawapigia ramli ya karata abiria watano, na kila karata inafungua kisa.

Filamu yenyewe, kwa kuwa ni mkusanyiko wa visa, iite "filamu ya visa" wala si "diwani", kwani neno hilo wengi wetu tunaliweka kwa mkusanyiko wa mashairi. Sentensi yako, basi, ningeiandika hivi: "Mtangazaji wa kipindi alituletea filamu ya visa, ya kutisha lakini isiyotisha."