Skripti inalogini, ombi linalofuata inafukuzwa

SWALI: Fundi habari za kazi. Nimeandika skripti ya Python ya kuvuta ripoti za mauzo kwenye mfumo wetu wa ofisini, umejengwa kwa PHP. Nalogini na requests.post (maktaba ya Python ya kutuma maombi kwa seva) napata 200 safi, yaani seva imejibu sawa, nikienda na requests.get kwenye ripoti narudishiwa fomu ya kulogini! Kwenye brauza naingia bila shida. Pia naweza kutunza kuki ili kila asubuhi nisilogini upya? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Salama ndugu yangu. Pasiwedi yako haina kosa, na yawezekana kabisa uliingia kweli, ila ukatoka hapohapo. HTTP, lugha ya mawasiliano ya wavuti, haina kumbukumbu, kila ombi kwa seva ni mgeni mpya, ndo maana ukilogini inakupa kuki, yaani kitambulisho kidogo, kwa PHP mara nyingi inaitwa PHPSESSID, nawe unatakiwa uirudishe kila unapopiga hodi. Brauza inafanya hivyo kimyakimya. Sasa requests.post ukiiita kavukavu inafungua sesheni yake ya muda, inapokea kuki, ikimaliza kazi inaitupa, halafu requests.get inakuja mikono mitupu.

Andika s = requests.Session() mara moja tu, kisha s.post kulogini na s.get kuchukua ripoti, s ileile. Printi s.cookies baada ya kulogini, ikiwa tupu ujue hujaingia, ikiwa na kitu bado angalia na r.url (r ni jibu la s.post) umeangukia peiji gani, maana hata fomu ya "pasiwedi si sahihi" mara nyingi inakuja na 200. Ukikutana na jibu la 419 basi huo mfumo huenda ni Laravel, fremuweki ya PHP, na unadai tokeni, msimbo wa siri uliofichwa kwenye fomu: anza na s.get ya peiji ya kulogini, chomoa _token, itume pamoja na pasiwedi. Na ukilogini kwa https baki humohumo, kuki yenye alama ya Secure haitumwi kwenye http.

Kutunza inawezekana, MozillaCookieJar ya Python (iko ndani ya http.cookiejar) inasevu kuki kwenye faili, ila weka ignore_discard=True la sivyo kuki za sesheni zinaachwa. Mimi lakini nisingehangaika, PHP isipobadilishwa inahesabu sesheni kuwa imekufa ikikaa sekunde 1440 bila kuguswa, yaani dakika 24, sasa ya jana jioni asubuhi utaifanyia nini? Logini upya tu. Ukiisevu hata hivyo, hilo faili usilipandishe Git, hifadhi ya kodi, mwenye nalo anaingia kama wewe bila kuulizwa pasiwedi.