Maswali na Majibu: Pedali, pezi na mkia wa ndege

Shikamoo mhandisi. Rubani anashika usukani wa mkia kwa mkono gani? (Mwanafunzi, Mbeya)

Marahaba. Hashiki, anakanyaga. Kwenye lile pezi lililosimama mkiani kuna ubao wenye bawaba kwa nyuma. Ukikanyaga pedali ya kulia, ubao unageukia kulia na pua inafuata. Ni usukani wa jahazi hasa, tofauti tu nahodha ana kana (mpini wa usukani) mkononi. Wala si wa kukatia kona; ndege hukata kona kwa kulalia bawa. Usukani huu una kazi zaidi kwenye upepo wa ubavu wakati wa kutua, au injini moja ikizimika.

Ni kweli usukani huo hufungiwa usigeuke sana ndege ikikimbia? (Tanga)

Kweli. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ya hewa inakuwa mara nne. Kwenye Airbus A300-600, usukani hugeuka hadi nyuzi 30 mwendo ukiwa mdogo, lakini kwenye kilomita 460 hivi kwa saa unaishia nyuzi 9 na kidogo. Sasa tazama chini miguuni: pedali iliyokuwa ikienda sentimita 10 sasa inagota kwenye sentimita 3, na inahitaji kama nusu tu ya nguvu ya awali. Mguu ukizoea ile ya kwanza, ya pili inakushtua.

Kama kizuizi kipo, ile ndege ya New York ilikatikaje mkia? (Nairobi)

Tarehe 12 Novemba 2001, American Airlines 587, Airbus A300-600 kama ile niliyoitaja, iliruka kutoka uwanja wa JFK, New York, kwenda Santo Domingo, ikapita kwenye hewa iliyovurugwa na Boeing 747 iliyotangulia. Rubani msaidizi akakanyaga kulia, kushoto, kulia tena, kila mara hadi mwisho. Kizuizi hakikuharibika, kilipima kila mkanyago peke yake. Fikiria bembea: ukiisukuma kila inapogeuka, inapanda zaidi. Ndege ilikuwa tayari imeelekea ubavu, usukani ukageuzwa upande wa pili, mizigo miwili ya hewa ikajumlishana kwenye pezi. Likang'oka na kuangukia Jamaica Bay, ghuba iliyoko New York. Walikufa 260 ndani na 5 ardhini, eneo la Queens jijini humo.

Ripoti ya wachunguzi wa Marekani ya 2004 ilitaja mikanyago isiyohitajika, ikaongeza kuwa muundo wa pedali zile na mafunzo ya shirika vilichangia. Mimi sipendi anayeishia kwenye ile mikanyago tu.

Si kwa sababu mkia ulikuwa wa plastiki? (Mwanza)

Nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa resini, si plastiki ya ndoo. Sheria hudai ndege ihimili mara 1.5 ya mzigo mkubwa kabisa unaotarajiwa. Pezi lile lilivunjika kwenye karibu mara 2. Lilizidi lilichodaiwa.

Nilifundishwa kwamba chini ya mwendo fulani huwezi kuivunja ndege kwa usukani. (Rubani mwanafunzi)

Marubani wengi waliamini hivyo, na 587 ilikuwa chini ya mwendo huo. Ahadi ile ni ya mkanyago mmoja, upande mmoja. Mwaka 2010 Marekani ikadai onyo hilo liandikwe wazi kwenye vitabu vya ndege, na 2022 ikataka ndege kubwa za miundo mipya zihesabiwe pia kwa mkanyago wa kwenda na kurudi.